TAHADHARI: "Fundi wa roboti" anayezunguka karakana za Changamwe na Shimanzi

Ndugu zangu wenye karakana za vyuma, hasa nyinyi wa Changamwe, Shimanzi na Miritini hapa Mombasa, someni hii kabla hamjamruhusu mtu kufungua kabati la roboti yenu.

Sisi twaunda matrela. Roboti yetu ya kuchomelea ni FANUC, tuliinunua ikiwa imeshatumika ng'ambo, na mwaka mzima haikutusumbua. Majuzi stima ikapotea Ijumaa jioni, tukafunga kazi tukaenda zetu. Jumatatu kuwasha, mkono umegoma, na kwenye skrini imeandikwa SRVO-062 BZAL. Mimi ni mtu wa vyuma, mambo ya elektroniki siyajui. Nilichoona ni alamu na oda ya mteja iliyofika nusu.

Namba ya huyo jamaa nilipewa na dereva wa lori. Akaja na tuktuk, shati limepigwa pasi, leptopu kwapani, maneno matamu kama halua. Akatazama skrini, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, amplifaya ya servo imeungua. Hapa haitengenezeki, lazima niende nayo Shimanzi kwenye mashine ya kupimia." Amplifaya hiyo ndiyo inayolisha umeme mota za mkono. Mita hakuitoa hata mara moja.

Kisha akazima swichi kuu na papo hapo akatia bisibisi. Hapo ndipo ningemshtukia, lau ningejua ninayoyajua leo. Ndani ya amplifaya mna kapasita zinazobaki na chaji ya kuua hata baada ya stima kuzimwa. Kuna kitaa chekundu kinachoonyesha kwamba chaji bado ipo, na fundi wa kweli hukingoja kizime, halafu hupima kwa mita ndipo aguse. Huyu wetu Mungu alimstahi tu.

Nikamtumia 90,000 kwa M-Pesa, na 55,000 zingine tukaafikiana nimpe akiileta kazi. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Ati la mkewe. Nikanyamaza, nami mtu mzima!

Siku ya tisa akarudi na amplifaya inanukia thina. Akaifunga, nikammalizia pesa zake, tukawasha: paa! Fyuzi zimekwenda. Akasema stima yetu chafu, anakwenda mara moja kuleta kidhibiti umeme. Simu imezimwa tangu siku hiyo.

Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja aliyevuka feri kutoka Likoni. Alisoma BZAL akacheka. "Hii haikwambii amplifaya, yakwambia betri." Akafungua kifuniko kwenye kitako cha mkono wa roboti, mna betri nne kubwa, zile zile za tochi kubwa, volti 1.5 kila moja zikiwa mpya. Zetu zilikuwa zimekufa. Kazi yake ni kushikilia kumbukumbu ya enkoda, yaani vipima-mzunguko vya mota, ili roboti ijue kila kiungo kiko wapi hata stima ikiwa imezimwa. Zikifa na stima ikapotea, kumbukumbu imekwenda. Dawa yake ni betri mpya, kuifuta ile alamu, kisha kulinganisha upya kila kiungo na alama zake za sifuri. Thamani ya betri zile haifiki hata nauli za tuktuk alizotudai yule bwana. Na akatuonya: hubadilishwa kila mwaka, roboti ikiwa imewashwa. Ukizibadilisha imezimwa, umejiletea balaa lile lile.

Sasa amplifaya yenyewe. Mzee aliweka mita kwenye transista za IGBT, zile swichi za elektroniki zinazopeleka umeme kwenye mota, mbili zikalia shoti moja kwa moja. Tukatafuta picha tulizopiga siku roboti ilipoteremshwa kwenye lori. Namba ya stika ni ile ile, lakini stika imebanduliwa pembeni na kugandishwa kwa supagluu, na plagi zimeota kutu ya kijani ya chumvi ya bahari. Yetu ilikuwa safi. Kwa hivyo nzima yetu imebebwa, tumeachiwa mzoga uliovishwa jina letu. Nyingine tumeshanunua, bei yake sitaki kuitaja, mke wangu husoma humu.

Kwa hivyo kifaa kisitoke getini kwako kabla hakijapimwa mbele yako, na piga picha za stika, skrubu na kila mkwaruzo. Anayetaka kukibeba bila kukipima, mfungulie geti atoke peke yake.

Polisi tumeripoti, namba ya OB (daftari la matukio) tunayo. Korti ya madai madogo hupokea madai yasiyozidi milioni moja, lakini nitamshtaki nani, namba ya simu iliyozimwa?

Ukiletewa amplifaya ya servo ya FANUC iliyotumika, yenye mkwaruzo mrefu kwenye mapezi ya kupoza upande wa kushoto na tone la rangi ya buluu juu yake, usimfukuze muuzaji. Mtengenezee chai, kisha niandikie upesi.