Kuosha nozeli kwa mashine: nilizitoa mwenyewe, nikazirudisha mwenyewe

Gari langu la petroli lilikuwa linatetemeka kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) na kukosa nguvu mlimani. Plagi mpya hazikusaidia, koili zikapimwa zikaonekana nzima. Badala ya kuendelea kumwaga dawa kwenye tangi, niliamua nozeli, yaani vipulizio vya petroli vya injini, zitoke, zioshwe na kupimwa kwenye mashine. Karakana niliyoichagua hupokea nozeli zikiwa zimeshatolewa, kwa hiyo kufungua na kufunga reli ya mafuta (bomba linalogawa petroli kwa nozeli zote) ikawa kazi yangu.

Kabla ya kugusa bolti nilichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, nikawasha injini ikaunguruma mpaka ikazima yenyewe, kisha nikatoa waya wa hasi wa betri. Usiruke hatua hii. Hata gari likiwa limezimwa, reli hubaki na presha ya bar 3 hivi, na petroli ikirukia injini yenye moto ni balaa. Hata hivyo, nilipofungua bomba yalitoka mafuta ya kulowesha kitambaa. Nilipuliza vumbi kuzunguka kila nozeli kabla ya kuinyanyua reli, na matundu yaliyobaki wazi nikayaziba, maana punje ya mchanga ikidondoka humo inaelekea kwenye vali. Soketi za waya ndizo zinazotaka subira zaidi: plastiki iliyokaa miaka kwenye joto huvunjika kirahisi. Bonyeza kibanio, sukuma soketi ndani kidogo, ndipo uivute. Waya usiuguse.

Huduma yenyewe imeniridhisha, hasa kwa sababu walipima kabla ya kuosha. Nozeli nne zilipangwa juu ya mirija ya kioo yenye alama, zikapuliza kwa pamoja, na ile ya silinda ya tatu ikaachwa nyuma waziwazi: wenzake wanatoa ukungu, yenyewe inatoa mchirizi. Baada ya kuoshwa kwenye bafu ya mawimbi ya sauti na kubadilishwa vichujio vidogo vya juu, mirija yote ilijaa karibu sawa. Fundi asiyekuonyesha mirija hiyo kabla na baada, usimpe nozeli zako.

Lawama yangu ni moja. Hawaweki namba za silinda. Utepe nilioufunga mwenyewe ndio uliotuonyesha mbovu ilitoka wapi.

Seti ya oringi, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji kwenye nozeli, waliyonipa ilikuwa nzuri, ya mpira wa Viton unaostahimili petroli, na vipimo vyake sahihi. Za zamani usizirudishe kamwe. Zangu zilikuwa bapa na ngumu kama kwato. Nilipaka tone la oili safi ya injini, nikaziingiza nozeli kwenye reli kwanza, halafu nikaishusha reli yote sawasawa kwa mikono miwili. Kabla ya kukaza bolti, kila nozeli inapaswa kuzunguka kwa vidole. Ikigoma, oringi imejikunja: itoe uikague.

Fyuzi na betri vikisharudi, fungua swichi bila kupiga stata, mara kadhaa, pampu ijaze reli, huku ukimulika kila kiungo kwa tochi. Kwangu palikuwa pakavu. Sasa sailensa imetulia na mlimani gari linavuta vizuri.

Kwa injini ambazo nozeli hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda, nisingeshauri ujifungulie. Presha huko hupita bar 100 na sili za ncha zinahitaji zana maalumu. Peleka gari zima kwa fundi aliye nazo.