Basi la gesi nimelipenda, ila zile ngazi jamani

Juzi nimepanda basi jipya la gesi toka Tegeta kwenda Makumbusho, kampuni siitaji, nilikuwa nampeleka bi mkubwa kliniki. Nianze na sifa maana zipo. Kwanza kelele hakuna, pale foleni ya Mwenge nikamsikia jamaa wa siti ya nyuma anamdanganya mwenye nyumba wake kwa simu kwamba hela iko njiani, kwenye daladala za dizeli usingemsikia hata akipiga kelele. Na zile ambazo konda anakwambia "dada kaa hapo kwenye injini" ukishuka mguu umeiva, hapa hamna, injini iko nyuma. Moshi mweusi nao hakuna, gesi haitoi masizi kama dizeli. Af gesi yenyewe ya kwetu, inatoka Songosongo kule Kilwa, imefika Dar tangu 2004, miaka yote hiyo sisi tunachoma dizeli ya kuja na meli aisee.

Sasa ngazi. Ziko tatu, ya kwanza inafika karibu na goti, na goti la bi mkubwa ndo hilo tunalopeleka kliniki. Konda anavuta mkono, mimi nasukuma nyuma, tumempandisha kama gunia la mkaa mbele za watu, hakuongea na mimi mpaka Afrikana. Mabasi ya mwendokasi toka yameanza 2016 unatoka kituoni unaingia ndani moja kwa moja, sakafu usawa mmoja, kwa hiyo sio kitu kigeni mjini hapa. Na msiniambie mitungi ya gesi imekula nafasi, mitungi inakaa juu ya paa fresh tu, wenzetu wanafanya hivyo ili sakafu ishuke chini.

Kingine vioo havifunguki af kiyoyozi kimezimwa, hapo sina la kuongeza mtajaza wenyewe.

Kurudi ndo tukakoma. Tumekaa kituoni kama dakika 40, tunaambiwa gari imeenda kujaza gesi iko kwenye foleni, na vituo vya gesi mnavijua, bajaji, teksi, wote mstari mmoja. Mwenye gari lake nyumbani atasubiri hiyo kweli?

Nyota 3, zote za injini. Wiki ijayo kliniki tena, bi mkubwa kashasema yeye bajaji.