Mafunzo ya siku 5 ya hadubini ya malaria: uzoefu wangu

Kwa mtaalamu wa maabara anayetaka kunoa usomaji wa slaidi, kozi hii inalipa. Siku ya kwanza tu ndiyo dhaifu: mihadhara ya mzunguko wa maisha ya vimelea, mambo ya chuoni.

Upakaji rangi ulifundishwa vizuri mno. Giemsa, rangi inayoonyesha vimelea kwenye slaidi, ya asilimia 3 ni mililita 3 za rangi mama (isiyochanganywa bado) kwa mililita 97 za maji ya bafa (yanayotunza kiwango cha asidi) yenye pH 7.2, kwa dakika 45 hadi 60. Penye foleni ndefu hutumika asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, ila hiyo inakula rangi. Bafa ikishuka pH, vitone vya Schüffner, vidoti kwenye chembe nyekundu zenye vimelea, vinafifia, na aina za vivax na ovale zinakupita. Pipeti iwe kavu, maana maji yakiingia kwenye chupa ya rangi mama yanaiharibu yote. Rangi iliyochanganywa isilazwe hadi kesho.

Slaidi nyingi darasani ziliharibika kwa kosa moja: methanoli ya kugandishia utando mwembamba (damu iliyotandazwa) kugusa tone nene (damu iliyorundikwa) kwenye slaidi hiyohiyo. Chembe nyekundu zikishaguswa na methanoli hazipasuki tena kwenye rangi, na vimelea vinafichika chini yake. Wakati wa kugandisha, inamisha slaidi tone nene likiwa juu. Wakati wa kuosha usiinamishe kumwaga rangi. Mimina maji taratibu hadi ule utando unaong'aa juu ya rangi uelee na kutoka. Ukishuka juu ya damu, chembechembe zake zinasomwa kama vimelea.

Kuhesabu ndiko kulikonifaa zaidi. Alama za kujumlisha (+) za kukadiria wingi wa vimelea, moja hadi nne, waliziweka kando kabisa, na nawaunga mkono: daktari hawezi kufuatilia matibabu kwa alama hizo. Unahesabu vimelea hadi ufikishe chembe nyeupe 200. Vikiwa 100 au zaidi, unaishia hapo. Vikipungua, unaendelea hadi chembe nyeupe 500. Vimelea 120 kwa chembe 200, ukikadiria chembe nyeupe 8,000 kwa mikrolita, ni 4,800 kwa mikrolita. Na slaidi haiitwi hasi kabla ya kupitia maeneo 100 ya tone nene kwa lenzi ya mafuta.

Mtihani wa mwisho ulifuata viwango vya Shirika la Afya Duniani. Daraja la kwanza linataka asilimia 90 katika kugundua vimelea, 90 katika kutambua aina, na 50 katika kuhesabu, jibu lisipishane na hesabu sahihi kwa zaidi ya robo. Hapo kwenye aina ndipo kozi iliponiangusha: slaidi za ovale na malariae zilikuwa chache na zimepauka, na watu wawili tulishirikiana hadubini moja.

Kabla ya kulipa, uliza kila mshiriki anapata hadubini yake au la, kuna slaidi ngapi za aina zisizo falciparum, na kama pointi za kujiendeleza kitaaluma zinatambuliwa na baraza lako la taaluma. Cheti changu kilikuja bila idadi ya pointi, ikabidi kirudishwe kuandikwa upya.