Silikoni ya kuunganishia vioo: kabla hujauliza bei, geuza tyubu uangalie kitako

Mwezi wa nane mwaka jana, saa nane usiku, niliamshwa na sauti ya maji. Huku kwetu Nkuhungu, Dodoma, tulikuwa siku ya nne bila tone, kwa hiyo nikajua bomba limerudi, nikaruka na ndoo mkononi. Kumbe wapi. Lilikuwa tangi la samaki nililolijenga mwenyewe kwa vioo vya milimita 6, limeachia kona ya mbele. Karibu lita 50, yaani madumu mawili na nusu niliyoyanunua kwa kijana wa mkokoteni baada ya kubembelezana naye kama nanunua kiwanja, yote yalikuwa kwenye zulia. Samaki nilikuwa sijanunua bado, namshukuru Mungu.

Kulipokucha nikaingiza kidole kwenye ile kona. Silikoni ilivutika kama bigijii iliyotafunwa, na zilikuwa zimeshapita siku kumi na mbili tangu niipake. Nikaenda kuiokota tyubu jalalani, nikaigeuza. Kwenye kitako, kwa wino hafifu, tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imepita miezi kumi na minne.

Nikairudisha dukani. Muuzaji, bila hata kuinua macho kwenye simu: "Dada, silikoni si maziwa, haichachi."

Inachacha, kaka.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakuambia uchague ya rangi gani wala inabeba kilo ngapi. Hayo yameandikwa kwenye tyubu na kila mtu anayasoma. Nataka tuzungumzie kitako.

Silikoni haikauki kama rangi ya ukutani. Inaganda kwa kunyonya unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa saa 24 hewa ikiwa ya kawaida. Ile harufu ya siki inayokupiga puani ni asidi inayotoka wakati inaganda. Sasa, plastiki ya tyubu haizuii unyevu milele. Kidogo kidogo unapenya, na kile kiungo cha kugandisha kinaanza kutumika humo humo ndani kabla hata hujakata ncha. Ndiyo maana tyubu nyingi hupewa miezi 12 hadi 18 tu, tena zikihifadhiwa mahali pa baridi. Sasa pita kwenye maduka yetu ya vifaa vya ujenzi uone zinakokaa: nje mlangoni, chini ya bati, pembeni ya mabeseni, jua la saa saba linazipiga moja kwa moja. Tyubu ya namna hiyo inaweza kuwa na tarehe nzuri kabisa na bado ikawa imekwisha.

Nikinunua sasa nafanya hivi. Naisoma tarehe, kama imefutika au imesuguliwa, narudisha bila maelezo. Naibonyeza tyubu kuanzia juu hadi chini kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua parachichi. Ikiwa na sehemu ngumu na sehemu laini, imeshaanza kuganda. Nikifika nyumbani, kabla ya kugusa kazi, natoa tone la ukubwa wa punje ya choroko kwenye kipande cha kioo kilichosafishwa kwa spiriti, nalala. Kesho yake nalikwangua kwa kucha. Likiteleza au likinata kidoleni, tyubu hiyo ni ya kuzibia dirisha la banda la kuku.

Na kuna jambo la kwetu Dodoma ambalo maelezo ya tyubu hayalijui. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa yetu ni kavu hadi midomo inapasuka. Silikoni inayotaka unyevu utaipaje unyevu? Hata iliyo nzima inachelewa. Tyubu inasema saa 24 au 48, mimi nasubiri siku kumi, na chumbani naweka beseni la maji na taulo mbichi kwenye kiti. Jirani aliuliza kama kuna mgonjwa ndani. Halafu vumbi: fanya kazi asubuhi kabla upepo haujaamka, maana vumbi jekundu likishakaa kwenye ukingo wa kioo, gundi inashika vumbi, haishiki kioo.

Sasa, ya kwanza kwangu ni Soudal ya akwariamu. Najua mtasema nalipwa. Silipwi, natamani. Ni ya Ubelgiji, ni silikoni ya asidi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki, na sababu yangu kubwa ya kuipenda ni ya kizembe: zile nilizonunua, tarehe nilizisoma bila miwani. Tangi langu la pili nililijenga kwayo, vipimo vile vile, sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Ikiganda, ukiivuta kipande inarudi mahali pake kama raba. Hapa mjini sikuipata. Niliagiza Kariakoo ikaja kwa basi, na nauli ya kifurushi ikaniuma kuliko gundi yenyewe.

Ya pili ni DOWSIL, wale waliokuwa wanaitwa Dow Corning mpaka miaka ya karibuni. Chukua ile ya asidi, isiyo na rangi. Nzuri, sina ugomvi nayo, ila kila nilipoikuta bei yake ilinifanya nikumbuke kwamba nina ada ya shule.

Ya tatu ni silikoni yoyote ya kawaida yenye harufu ya siki, mradi ipite mtihani wa kitako na wa tone. Angalizo moja tu: ile ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia ukungu, usiiweke kwenye tangi. Dawa hiyo inaweza kuwaua samaki. Na kama unabandika kioo cha kujitazamia, achana kabisa na za siki. Asidi inakula ile rangi ya fedha mgongoni, unabaki na madoa meusi. Tafuta isiyo na asidi.

Ya nne ni gundi inayogandishwa na mwanga wa jua, na hii inastahili heshima kuliko inavyopewa. Si ya tangi, kwa sababu kukaa majini siku zote kunaidhoofisha. Ila kwa meza ndogo ya kioo au kisanduku cha kuwekea vito, kiungo kinatoka safi hata hukioni. Kingo lazima zikutane sawasawa, maana haijazi mwanya. Na jua tunalo, hatulipii. Panga vipande ndani, kwenye kivuli, bana, ndipo utoe nje. Ukiifungulia barazani itaganda kabla hujaweka kioo cha pili. Msomaji mmoja alilalamika kwamba yake haikuganda kabisa, kumbe kioo alichotumia kilikuwa cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, kama cha mbele ya gari. Plastiki ile inazuia mionzi inayotakiwa.

Araldite na ndugu zake, zile gundi za kuchanganya tyubu mbili: kwa kipini cha kikombe, sawa. Juani hugeuka njano. Supa gluu: hapana. Kwenye kioo inashika haraka na kuachia haraka, hasa ukiosha.

Kilichobaki ni hawa wauzaji. Tangu serikali ihamie hapa, duka lenye mfuko mmoja wa saruji nalo limejifunza bei za waheshimiwa, na Bunge likiwa na kikao ndiyo usiulize. Sawa, uza ghali. Lakini uniuzie ghali kitu kilichokufa, halafu unionyeshe karatasi ukutani, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi"? Kijana mwingine aliniona nageuza tyubu akaniambia mafundi wake hawaangaliagi hivyo. Nikamuuliza madirisha ya mafundi wake yanavuja au hayavuji. Akacheka. Akanipunguzia buku.

Kama unajenga tangi, usizidi ukubwa wa langu kwa mara ya kwanza. Maji lita 54 ni kilo 54 zinazosukuma kona zako usiku kucha, na kwa kubwa zaidi mlipe fundi. Paka silikoni bila kukatisha mstari, lainisha kwa kidole ulichokilowesha, ng'oa selotepu ya karatasi uliyobandika pembeni ya mstari kabla juu hakujashika. Siku kumi zikipita, lijazie barazani, si sebuleni, uliache siku tatu juu ya magazeti makavu. Magazeti yangu yalibaki makavu. Maji nikayachota kwa kopo, moja moja, nikamwagia mche wa zabibu uani.