Jiko la gesi la kioo, pleti mbili: uzoefu wangu baada ya miaka mitatu ya hewa ya bahari

Jiko lenyewe ni la kuweka juu ya meza, pleti mbili, kioo cheusi cha unene wa milimita 7, kofia za shaba ya njano, kiwashio cha betri. Yapo tele Darajani na Mlandege, kila moja na jina lake, na ukiyapindua chini mengi ni pacha. Langu linatumika kila siku hapa Unguja, nyumba ya watu sita isiyo mbali na pwani, kwa mtungi wa kilo 15. Kwa kupika halina kosa. Linalolimaliza ni chumvi na ufungaji mbaya, na yote mawili muuzaji hakwambii.

Kabla hujalipa, lipindue usome kibandiko. Langu limeandikwa 2800 Pa, hiyo ndiyo presha linayotaka, sawa na milibari 28. Kwa hiyo regulata yake, kile kichwa kinachokaa juu ya mtungi na kupunguza presha ya gesi, ni ile ya presha ndogo, iliyoandikwa 28 mpaka 30, isiyokuwa na kishikio cha kuzungusha ili kuongeza moto. Duka nililonunulia walitaka kunipa ya presha kubwa "upate moto mkali". Ile ni ya majiko ya mikahawa na ya wakaanga chipsi. Ukiifunga kwenye jiko la nyumbani moto unanguruma na kuiacha kofia, unacheza hewani, na mpira wa gesi pamoja na swichi za jiko zinabebeshwa mzigo ambao hazikuundiwa.

Vali za mitungi nazo hazifanani baina ya kampuni na kampuni. Chukua mtungi kwanza, regulata baadaye, na uijaribu palepale dukani: ikikaa vizuri inatoa mlio, tak, na ukiivuta juu haitoki. Inayotikisika mkononi irudishe. Chungulia pia ndani ya mdomo wa vali, kuna washa, yaani pete nyeusi ya mpira. Ikiwa imepasuka au haipo kabisa, gesi itavuja hata regulata ikiwa mpya, na hilo nimeliona kwenye mtungi uliotoka kujazwa wenye lakiri yake juu.

Watu wanahangaika na maua yaliyochorwa kwenye kioo, halafu wananunua mpira wa bei ya chini kuliko yote. Mimi ningegeuza. Mpira uwe wa gesi, sio wa maji, tundu la ndani milimita 8, na ubavuni uwe na mwaka wa kutengenezwa. Usizidi mita moja na nusu. Mrefu zaidi unajikunja nyuma ya jiko, unalala karibu na moto, na panya wanaupenda.

Kuuchomeka: tia ncha ya mpira kwenye maji ya moto dakika moja, ulainike, kisha usukume kwenye mdomo wa jiko mpaka upite matuta yote, kama sentimita tatu. Usipake mafuta wala gundi. Klipu uwe umeshaitanguliza kwenye mpira. Ivute ikae nusu sentimita kutoka ncha, ukaze kwa bisibisi mpaka mpira uvimbe kidogo pembeni ya klipu, basi. Ukikaza mpaka chuma kinakata mpira umejitengenezea uvujaji wa mwezi ujao. Waya wa kufungia bati si klipu.

Halafu povu. Kijiko cha sabuni ya maji kwenye nusu kikombe cha maji, koroga, paka kwa brashi ya rangi: vali na regulata, ncha mbili za mpira, mdomo wa jiko, na shingo za swichi. Fungua gesi huku swichi za jiko zimefungwa, subiri dakika nzima. Uvujaji mdogo hautoi povu la kufulia. Unatoa kijipovu kimoja kinachokua polepole, kinapasuka, kinarudi pahala palepale. Hicho ndicho cha kutafuta. Kiberiti hakitumiki hapa hata kwa mzaha. Baada ya hapo funga regulata, ondoka dakika kumi, urudi uwashe pleti moja bila kufungua regulata. Moto ukiwaka sekunde moja mbili ukazima, gesi iliyobaki kwenye mpira ilikuwa bado imo. Usipowaka kabisa, imeshapotea, rudia povu. Mara ya kwanza kuwasha mpira mpya una hewa ndani, kwa hiyo usishangae ukikataa mara tatu nne, ila kila mara funga swichi usubiri dakika moja kabla ya kujaribu tena.

Mtungi wangu uko uwani, na hilo ndilo jambo ninaloliona bora kuliko yote niliyofanya. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, inatafuta shimo. Ndani ya nyumba shimo lake ni tundu la maji machafu na mwisho wake ni karo, shimo la maji machafu. Kwa hiyo hata nje, usiuweke mtungi karibu na mfuniko wa karo wala juu ya mtaro. Wangu uko mita mbili na ushei. Umesimama juu ya mbao mbili ili kitako kisikae kwenye maji ya masika, juu kuna kipande cha bati cha kuzuia jua, pembeni pako wazi.

Mpira haupitishwi ndani ya ukuta kwa sababu huwezi kuukagua. Ukutani pita na bomba la shaba ndani ya bomba la plastiki, na tundu lilale kidogo kuelekea nje, mvua isije ikaingia jikoni. Upande wa mtungi mpira wa nusu mita, upande wa jiko mpira wa mita moja. Kwenye tofali za saruji hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mji Mkongwe ni habari nyengine: kuta za mawe na chokaa zina unene wa nusu mita na zaidi, jiwe linabomoka ukiligonga vibaya, na ni eneo la Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo ukuta wa nje huutoboi bila kuuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Toboa wa ndani unaoelekea kwenye ua. Na wenye ghorofa, kama majumba ya Michenzani, mtungi ukae roshani ikiwa ipo. Ikiwa lazima ukae jikoni, basi usimame wima, usifungiwe kabatini, na mlango wa jikoni uwe na uwazi chini.

Sasa moto. Unaotakiwa ni wa buluu, mfupi, umesimama, hauna mlio mkubwa. Ncha zikiwa za njano na sufuria inapata masizi, hewa ni kidogo. Chini ya jiko, pale nozeli, kile kitundu kinachotoa gesi, inapoingilia kwenye bomba la pleti, kuna shata, kibati chenye kitundu cha kufunguka na kufungika. Kifungue kidogo kidogo moto ukiwa unawaka mpaka unjano uondoke. Ukizidisha, moto unaanza kuchomoka kwenye kofia na kupiga mluzi. Rudisha nyuma kidogo.   Kwa jiko la kupikia njano ni maradhi.

Sababu ya njano aghlabu si shata. Ni buibui. Anaingia kwenye bomba la pleti isiyotumika sana, anasuka utando, gesi inatoka lakini hewa haipiti. Pleti yangu ya kulia ilifanya hivyo mara mbili, na dawa ni kulitoa bomba na kulipitishia brashi ndefu ya chupa. Nozeli yenyewe ikiziba ifungue kwa spana ndogo, iloweke kwenye siki ya moto, ipulize. Usiichokoe kwa sindano. Tundu lake halifiki milimita moja. Ukilitoa kwenye 0.8 ukalifikisha 0.9 umeshaongeza eneo la tundu kwa zaidi ya robo, na gesi inaongezeka vivyo hivyo. Hapo moto wa njano hautakwisha tena mpaka ununue nyengine.

Kuhusu kioo kupasuka, maana kila mtu anauliza. Langu halijapasuka, na sidhani ni bahati. Kioo hakiuliwi na moto wa juu, kinauliwa na moto wa chini. Kofia ikikaa upande, au upepo ukiukandamiza moto mdogo, unasikia "puf" na moto unarudi ndani, unawaka kwenye nozeli chini ya kioo kwa sauti ya kukoroma. Funga swichi hapohapo, uache upoe, upange kofia upya. Ukiuacha dakika tano huku unakuna nazi, kioo kinapata joto upande mmoja na kupasuka vipande kama punje za mchele. La pili ni sufuria kubwa ya biriani: ikizidi kipenyo cha sentimita 30 inaukandamiza moto kurudi kwenye kioo. Biriani ya watu ishirini ipelekwe kwenye jiko la chuma la chini. La tatu, kufuta kioo cha moto kwa kitambaa cha maji baridi. Na chini ya jiko usitandike mpira wa meza. Pleti zinavuta hewa kutokea huko.

Kaskazi ndiyo iliyonionyesha kasoro kubwa ya jiko hili. Kuanzia Disemba mpaka Machi dirisha langu linapokea upepo wote, moto mdogo wa kuiva wali unazimika, na jiko halina kihisi, kwa hiyo gesi inaendelea kutoka. Kuna majiko yenye kijiti cha shaba pembeni ya kofia ambacho kikipoa kinafunga gesi chenyewe. Unayajua kwa sababu wakati wa kuwasha lazima ushikilie swichi sekunde tano mpaka kumi. Watu wanayaona ya usumbufu. Nikinunua tena ndilo nitakalochukua. Kwa sasa nafunga bao la chini la dirisha, la juu liko wazi. Kuzungushia jiko mabati ya kukinga upepo sishauri, joto lote linarudi kwenye kioo na mpira.

Chumvi inaanza na kiwashio. Asubuhi za unyevu cheche inakimbilia kwenye bati badala ya kofia, unasikia tikitiki na hakiwaki. Kausha ncha kwa kitambaa, hakikisha iko milimita nne hivi kutoka kwenye kofia. Nyumba ya betri inaota kutu ya kijani. Isugue kwa siki, kausha, pitisha msasa laini. Betri ni moja kubwa ya volti 1.5. Skrubu za chini zinaoza kabla ya kitu chengine chochote, kwa hiyo zifungue moja moja wakati bado zinafunguka uzipake grisi. Swichi ikiwa ngumu kuzunguka, grisi yake ya ndani imekauka, mpe fundi aweke ya kuhimili joto. Mafuta ya nazi, ambayo najua kuna watu wameshatia, yanageuka gundi.

Kofia nazisafisha kila Ijumaa: maji ya moto, sabuni, maji ya ndimu, brashi ya meno. Kofia za alumini usiziloweke kwenye magadi, zinageuka nyeusi na kuliwa. Tui likimwagika lisafishe siku hiyohiyo, likishaungua kwenye matundu linataka kuchokolewa. Zirudishe zikiwa kavu kabisa, tone moja ndani linatosha kufanya moto uwake nusu duara.

Matumizi: pleti kubwa imeandikwa kilowati 3.5. Kilo moja ya gesi ina takriban kilowati-saa 12.8, kwa hiyo moto ukiwa juu kabisa unakula kama gramu 270 kwa saa, na mtungi wa kilo 15 ni kama saa 55. Kwangu unafika wiki tano na nusu, maharage yakiloweshwa usiku na kupikwa kwenye sufuria ya presha. Boko boko la kutelekwa usiku kucha bado nalipika kwa mkaa. Mkate wa kumimina unakubali gesi vizuri sana: moto mdogo, kikaango kimefunikwa, na uso ukishashika unakigeuza kikaango chenyewe kichwa chini juu ya moto, kikiwa mbali kidogo, mpaka uso upate rangi.

Kujua gesi iliyobaki, soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye kola, ile pete ya chuma juu ya mtungi, kisha upime kwa mizani. Ukiwa 14.6 mtupu, uliojaa lazima uwe 29.6, nao muuzaji apime mbele yako. Bila mizani, pika kwa moto mkubwa nusu saa halafu pitisha kiganja ubavuni: pale palipo baridi, na siku za unyevu panapotoka jasho, ndipo gesi ya maji ilipofika. Moto ukififia usiulaze mtungi ili "umalizie". Gesi ya maji itaingia kwenye regulata na moto utakaotoka hutoupenda.

Ukisikia harufu: usiguse swichi ya umeme, kuwasha wala kuzima. Funga regulata, fungua milango, na uitoe gesi chini kwa chini kwa kupepea mkeka, maana iko sakafuni.

Katika miaka hii mitatu nimebadilisha washa moja, betri nne, kofia moja iliyoanguka, na regulata iliyoliwa na kutu kwenye springi. Mpira bado ule wa mwanzo. Utatoka ukitimiza miaka mitano hata kama haujapasuka, na tarehe nimeiandika kwa rangi ukutani juu ya mtungi.