Playwright, na ile iPhone ya mama wa vitenge

Jumamosi asubuhi simu inaita. Mteja wangu niliyemtengenezea duka la mtandaoni, mama anayeuza vitenge Kariakoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Duka langu la mtandaoni limekuwa jeupe pee, sioni hata kitenge kimoja."

Nafungua Chrome, vitenge vyote vipo. Firefox, vipo. Yeye anatumia iPhone 7 ya mtumba.

Mimi sina Mac. Nina laptopu ya ThinkPad iliyochoka, imewekwa Ubuntu, aina ya Linux. Safari, kivinjari cha Apple kilichomo kwenye iPhone na Mac, haijawahi kuwapo kwa Linux, na ile ya Windows Apple waliitelekeza tangu 2012. Basi nikawa naponea kwenye Playwright, programu ya bure ya Microsoft ya kujaribia tovuti kwenye vivinjari, iliyotoka mwaka 2020. Ukiiweka inakuletea injini tatu za vivinjari kwa mpigo: Chromium, Firefox na WebKit, na hiyo ya tatu ndiyo moyo wa Safari. Kwa sisi tusio na Mac hapo ndipo penye utamu, maana kwenye iPhone hata mtu akiweka Chrome, ndani ni WebKit tu. Apple ndio walioshurutisha hivyo, wakaja kulegeza mwaka 2024, tena kwa Umoja wa Ulaya.

Kuiweka ni amri mbili, ila andaa bando: injini zote tatu ni mamia ya megabaiti. Mimi nilisubiri bando la usiku.

Nilichokipenda kwanza ni "codegen". Unaendesha amri, kivinjari kinafunguka, unabofya kama mteja, unachagua kitenge, unaweka kikapuni, nayo pembeni inakuandikia jaribio mstari kwa mstari. Halafu ina subira: haibofyi kitufe mpaka kionekane na kikubali kubofywa. Kama umewahi kutumia Selenium, programu kongwe ya kazi hiyohiyo, ukajaza "subiri sekunde 3" kila kona kama mtu anayeweka viraka kwenye ndoo, utanielewa. Siku ya kwanza tu ilinionyesha kwamba sehemu ya kuchagua mwezi kwenye ripoti ya mauzo, inayotoa kalenda nzuri kwenye Chrome, kwenye Firefox ni kisanduku kitupu cha kuandika. Nilikuwa nimekaa nalo miezi sijui.

Lakini ukurasa mweupe wa mama? Injini tatu zote zilipita kijani, bila kosa hata moja.

Nikapanda daladala mpaka dukani kwake, nikaomba simu, nikaweka kipande cha msimbo kinachoandika makosa juu ya ukurasa wenyewe. Likatokea hili: "invalid group specifier name". Kumbe ni mimi. Kuna fomula niliinakili zamani ya kuweka mkato kwenye bei, ili 45000 isomeke 45,000, na ndani yake mna alama "(?<!", ya kuangalia kilicho nyuma ya tarakimu. Chrome inaielewa tangu 2017. Safari iliielewa kuanzia toleo la 16.4, Machi 2023, na iPhone 7 iliishia mfumo wa iOS 15, ambao Safari yake ni ya toleo la 15. Safari ya zamani hairuki mstari huo ikaendelea. Inakataa faili zima. Na faili hilo ndilo linalochora duka.

Dawa ilikuwa mstari mmoja, toLocaleString, amri iliyomo tayari kwenye kivinjari ya kuweka mikato hiyo. Ila kosa lile Playwright isingeliona, kwa sababu WebKit inayokuja nayo ni mpya, tena mara nyingine imeitangulia hata Safari iliyo mikononi mwa watu. Hata ukiiambia ijifanye "iPhone 13", inabadilisha upana wa kioo, jina na mguso basi. Kumvika mtu kanzu si kumpa elimu ya sheikh.

Ujanja nilioupata baadaye: kila toleo la Playwright lina injini zake za wakati huo. Nikashusha kontena la Docker, yaani kifurushi chenye programu na kila inachohitaji, la toleo la 2022, nikaendesha jaribio lilelile kwenye msimbo wa zamani, na weupe ukatokea kwenye laptopu yangu. Nilifurahi kama nimeokota hela.

BrowserStack nimeijaribu pia. Ina simu halisi, unazigusa kutoka mbali, na kwa kampuni inafaa. Kwangu mimi, kulipa dola kila mwezi ilhali mteja wangu analipa kwa awamu, hapana. Nilinunua iPhone 7 yenye kioo kilichopasuka, iko mezani.

Iliyobaki ni Opera Mini, ile hali yake ya kubana data kabisa. Hapo Playwright haikusaidii kitu: ukurasa unapikwa kwenye seva za Opera, simu inaletewa kilichokwisha iva, na JavaScript nyingi, yaani msimbo unaoendesha ukurasa, inaishia njiani. Mama ana wateja wawili wanaoitumia. Hao anawatumia picha za vitenge kwa WhatsApp.