lm-sensors: nyuzi joto 127 zilizonitetemesha, na fundi aliyetaka laki mbili na nusu

lm-sensors ni programu ya kusoma joto, volti na kasi ya feni ndani ya kompyuta, na kuna neno moja ningeling'oa humo leo hii kama ningekuwa na uwezo: ALARM, yaani tahadhari. Linaandikwa kwa herufi kubwa kwenye mistari isiyo na ubaya wowote, na kidogo tu linipotezee laki mbili na nusu.

Nina duka dogo la steshenari, nachapa na kutoa kopi, na kompyuta yangu ya mezani inatumia mfumo wa Ubuntu. Msimu ule wa joto kali hapa Dar ikaanza kujizima. Mteja anasubiri barua yake ya maombi ya kazi, skrini pap, nyeusi. Mara tatu kwa siku. Nikaweka lm-sensors, nikajibu maswali ya sensors-detect inayotafuta vihisi, nikaandika amri ya sensors ili nisome vipimo. AUXTIN1: nyuzi 127. in1: volti 1.02, ALARM. in4, ALARM. in5, ALARM. fan1: mizunguko 0. Mikono ilitetemeka. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, sasa ndani ya kompyuta yangu kuna kitu kimefika 127?

Nikaichapa orodha ile, nikapanda bodaboda na kompyuta nimeipakata mpaka kwa fundi mmoja Kariakoo. Hakuifungua. Narudia: hakugusa hata skrubu moja. Alitupia karatasi jicho, akagonga kidole kwenye ile 127. "Dada, mazabodi imekufa hii, inaungua kwa ndani. Na pawasaplai inatoa volti moja badala ya kumi na mbili. Andaa laki mbili na nusu." Nikamuuliza, kama inatoa volti moja, mbona inawaka? Akamgeukia kijana wake: "Hawa wanaosoma mtandaoni ndio wanaotusumbua." Kisha kwangu, bila hata kunitazama: "Dada, haya tuachie sisi."

Nikainyanyua kompyuta yangu nikaondoka.

Nilikesha. Nilichokuta ni hiki, na ningependa kila mwenye kuona karatasi kama yangu akijue kabla hajatoa pesa. Chipu inayosoma vihisi, yangu ni ya kampuni ya Nuvoton, ina miguu mingi kuliko vihisi ambavyo mtengenezaji wa mazabodi aliviunga. Mguu usiounganishwa na kitu hutoa namba ya ovyo, na 127 ni moja ya hizo. Hakuna kinachoungua pale. Ile volti 1.02 nayo ni halali. Chipu haiwezi kupokea volti 12 moja kwa moja, kwa hiyo mazabodi inazipunguza kwanza kwa rezista, na programu haijui zimepunguzwa mara ngapi mpaka uiambie. Kwangu ni mara 12: zidisha, unapata 12.24, na inayokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Niliingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Ubuntu haijawaka), nikakuta 12.24 ileile. Na zile ALARM? Tazama mwisho wa mstari: kikomo cha juu kimeandikwa 0.00. Hakuna aliyekiweka. Volti yoyote ile lazima ikipite! Mizunguko 0 ni soketi ya feni isiyochomekwa kitu.

Sasa kinachoniuma zaidi. Kwenye karatasi ileile, sehemu ya coretemp inayosoma joto la prosesa, palikuwa na mstari umekaa kimya: Package id 0, nyuzi 97, crit (kikomo cha hatari) 100. Hauna ALARM. Prosesa imebakiza nyuzi 3 ifike ukingoni, na ndio mstari pekee uliosema ugonjwa. Mimi sikuuona kwa sababu ya kelele za jirani zake. Fundi, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, hakuusoma.

Nikafungua mwenyewe. Vumbi lilikuwa limeziba mapezi ya kupoozea prosesa likawa blanketi, ukilivuta linatoka kipande kizima. Chini yake pesti ya kupitisha joto imekauka kama ukoko wa ugali. Nikasafisha, nikapaka pesti mpya. Ikiwa imetulia sasa inasoma 46, na haijajizima tena.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Siwezi, programu hii ilisema kweli siku ya kwanza kabisa. Natoa nne. Au tatu, kwa sababu mtu wa kawaida asingetakiwa kwenda mwenyewe kwenye folda ya mipangilio, /etc/sensors.d, kuandika ignore temp4 (ndiyo ile AUXTIN1) ili namba ya uongo imwondokee machoni, wala compute in1 @*12, @/12 ili volti zisomeke. Lakini ukishaandika mara moja, sensors inakuwa safi, unaelewa kila mstari. Basi nne, nimeamua.

Fundi hapati kitu. Karatasi ile ninayo bado, nimeizungushia 97 kalamu nyekundu, na siku nikipita Kariakoo nitaiweka juu ya meza yake.